Ugonjwa ulioingia na mbegu ukatembea na mikono: kisa cha shamba moja la nyanya Mudaka

Mama mwenye shamba aliponipigia simu mimi, mtaalamu wa kilimo, alikuwa amekwisha kupulizia dawa ya mildiu, ule ukungu wa nyanya, mara 6. Salamu hazijaisha, hesabu hiyo ameshaitaja: mara 6, Agronomu, na majani yanazidi kukonda. Neno hilo, kukonda, ndilo lililonifanya niahirishe safari nyingine niliyokuwa nayo siku ile. Mildiu haikondeshi jani. Mildiu huunguza: doa la majimaji leo, utando mweupe chini ya jani kesho asubuhi, na juma halipiti kabla shamba zima halijanuka uozo. Jani linalokonda huku likibaki hai ni habari nyingine kabisa.

Ilikuwa katikati ya Aprili, mvua za msimu B, ule wa pili wa kilimo, zimekolea. Nilitoka Bagira, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa pikipiki, nikashukia Mudaka pale sokoni, kisha nikapanda mlima kwa miguu dakika 20, matope yakinifika vifundoni. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu wakulima wa Kabare na Walungu wananiuliza swali lilelile kila msimu, ugonjwa huu unaingiaje shambani, na kwa sababu sehemu ya jibu niliipata kwa aibu yangu mwenyewe.

Shamba lina vipande viwili, kimoja juu ya kingine, na katikati kuna ukingo wa matete uliopandwa kuzuia udongo usiteremke. Kipande cha juu kilikuwa na mistari 16 ya nyanya, miche 40 kwa kila mstari, yote kutoka kwenye mbegu aliyoiweka mwenyewe. Kipande cha chini kilikuwa kidogo, mistari 5 tu, miche 150 kwa jumla, kutoka kwenye kopo la Roma VF alilolinunua mjini baada ya kuona mbegu zake hazitatosha. Miche ya chini ilipandwa wiki 2 baada ya ile ya juu. Katikati ya mistari, juu na chini, kulikuwa na maharage.

Nilichuma jani moja kipande cha juu nikaliinua kuelekea mawinguni, maana jua halikuwepo. Likiwa limelala mkononi unaona tu kijani kisicho sawa. Ukiliinua mwanga ukapita ndani yake, linakuwa kama ramani: visiwa vya kijani kizito vilivyovimba kidogo, na kati yake bahari ya kijani hafifu inayoelekea manjano. Pitisha kidole gumba juu yake, utavihisi vile visiwa. Hiyo ndiyo mozaiki, alama ya ugonjwa wa virusi. Huko juu kwenye ncha, majani machanga yalikuwa yamepoteza umbo. Mengine membamba kama uzi, mengine yamejipinda kama mkia wa panya. Mimea ilikuwa hai, ina maua, ina matunda machache. Tunda moja nililipasua kwa kucha. Chini ya ngozi, kwenye nyama ya ukuta, kulikuwa na michirizi ya kahawia, mfano wa ubao ulioloa.

"Wamama wa Kadutu wananirudishia," akasema, maana yake wachuuzi wa soko la Kadutu mjini Bukavu. "Wanapasua moja tu. Wakiona vile, beseni nzima haiendi."

Akauliza kama zinaweza kudhuru watoto. Hapana. Virusi vya mmea havimwambukizi mtu. Tunda lile ni baya kwa macho na kwa bei, si kwa tumbo. Mchana ule ule tulizila na ugali.

Kabla ya kuondoka nilishuka kipande cha chini. Kilikuwa safi, kijani kimoja. Nikamwonyesha kijana wake, aliyekuwa nyumbani siku ile, namna ya kutoa vichipukizi vya kwapani vikiwa bado vidogo, kwa kucha mbili, bila kisu, nikimfanyia mfano kwenye mstari wa 3. Kijana ni mwepesi wa kushika. Tukaagana.

Majina yaliyotolewa kabla ya jina lenyewe

Kila aliyepita pale alikuwa na jina la ugonjwa. Mwuza dawa mmoja, ambaye hakufika shambani, alisema ni nzi weupe na akauza dawa yao. Nzi weupe ni kweli huleta virusi kwenye nyanya, vile vinavyofanya jani lijikunje kuelekea juu kama kijiko, kingo zikawa manjano na mmea ukadumaa. Lakini hapa hapakuwa na vijiko, kulikuwa na visiwa. Tena nzi wenyewe hawakuwepo. Ukitikisa mmea wenye nzi weupe, wanaruka kama majivu yaliyopulizwa. Tulitikisa miche 30 tukaona nzi 4. Hao hupenda zaidi joto la bonde la Ruzizi, huko Kamanyola na Luvungi, kuliko baridi ya Kabare.

Jirani alishuku dawa ya kuua magugu, na nilimpa heshima yake, kwa sababu ile iitwayo 2,4-D ikipeperushwa na upepo hukondesha majani ya nyanya hivyohivyo. Ningekuwa nimetazama nyanya peke yake ningeweza kudanganyika. Maharage ndiyo yaliyonijibu. Dawa hiyo huunguza mimea ya majani mapana bila kuchagua, nayo maharage yalikuwa yamenyooka, yanachanua.

Kulikuwa pia na mzee anayesaidia kufunga kamba, mvutaji wa tumbaku ya kusokota. Hapo wengi wangesimama, kwa kuwa virusi vya mozaiki ya tumbaku hubaki hai kwenye jani lililokauka na hata kwenye sigara, na vidole vya mvutaji vinaweza kuvileta shambani. Ila mzee yule alifanya kazi kipande cha chini tu, na cha chini ndicho kilichokuwa kizima. Nikamwacha na kiko chake.

Walibaki vidukari, ambao huleta mozaiki ya matango, nayo hukondesha majani mpaka yakawa nyuzi. Ugonjwa huu kwa macho ni mgumu kuutenga, nami sipendi agronomu anayetoa jina kwa kutazama tu. Kwa hiyo nilirudi kesho yake na daftari la mraba, nikahesabu mche mmoja mmoja, kila kisanduku mche mmoja, mgonjwa nikimtia msalaba.

Daftari lilieleza zaidi ya jani. Mistari 1 hadi 10, miche 400, ilikuwa na wagonjwa 171. Mistari 11 hadi 16, miche 240 ya kitalu hichohicho, iliyopandwa siku hiyohiyo, ilikuwa na wagonjwa 9. Tena kwenye mistari 10 ya kwanza misalaba haikutawanyika. Ilifuatana: 7 mfululizo, kisha nafasi, kisha 12 mfululizo, kisha 9. Mdudu arukaye haendi hivyo. Huingia kutoka ukingoni, hutua hapa na pale. Misalaba ile ilikuwa na mwendo wa mtu anayetembea kwenye mstari.

Nikamwuliza mama: mistari 1 hadi 10 ina nini ambacho mingine haina?

Akafikiri kidogo. "Ile njo kijana alitoa vichipukizi. Kisha likizo ikaisha, akarudi masomoni. Ingine hatujafika."

Mnanaha wa jalalani

Nyuma ya nyumba yangu, karibu na shimo la takataka, huota mnanaha. Ni mmea wa sumu, watoto wasiuguse, lakini kwa kazi hii ni mwalimu wa bure. Nilihamisha miche 6 kwenye makopo ya maziwa, nikasubiri mpaka kila mmoja uwe na majani mapana manne.

Jani la mgonjwa nililisaga kwenye kikombe na vijiko viwili vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Juu ya majani mawili ya kila mnanaha nikanyunyiza unga laini wa mkaa uliochekechwa kwenye kitambaa, kisha nikachovya kidole na kupaka, kwa wepesi, kama unavyompaka mtoto mafuta usoni. Unga ule kazi yake ni kukwaruza tu. Virusi hivi havina uwezo wa kutoboa ukuta wa chembe ya mmea; vinahitaji kidonda, na nywele moja ya jani ikivunjika ni mlango wa kutosha. Minanaha 4 niliipaka maji ya mgonjwa, 1 maji ya jani lisilo na ugonjwa kutoka kipande cha chini, na 1 maji matupu. Hizi mbili za mwisho nilizianza kwanza, kabla sijagusa ugonjwa, na mikono nimeosha kwa sabuni.

Siku ya 4 asubuhi, majani yote niliyoyapaka ugonjwa yalikuwa na vidonda: vidogo kama kichwa cha pini, rangi ya udongo mkavu, vimekufa katikati. Minanaha miwili mingine haikuwa na kitu. Mmea huu ukiguswa na virusi vya jamii ya tobamo huua chembe zake pale pale vilipoingilia, kama mtu anayechoma nyumba moja kuokoa kijiji, na doa halisongi zaidi. Virusi X vya viazi vingeenea kwa madoa hafifu mmea mzima. Virusi vya nzi weupe havipiti kwa kupakwa hivi. Kwa hiyo tulikuwa na jamii: tobamo, ndugu wa mozaiki ya tumbaku, na katika nyanya zetu ndugu anayetarajiwa kwanza ni mozaiki ya nyanya yenyewe.

Njia hii si yangu. Adolf Mayer, akifanya kazi Wageningen huko Uholanzi, alieleza mwaka 1886 jinsi maji ya jani la tumbaku lenye madoa yalivyouambukiza mmea usio na ugonjwa, ingawa yeye alidhani ni bakteria. Mwaka 1929 Francis Holmes wa Marekani akaonyesha kwamba vidonda vidogo vya namna hii vinaweza hata kuhesabiwa kupima wingi wa virusi. Kitu chenyewe ni fimbo isiyoonekana: urefu wake ni kama nanomita 300, maana yake milimita 1 ingechukua fimbo zaidi ya 3,000 zilizopangwa kichwa kwa mkia. Yeyote aliyewahi kushika nyanya anaijua ile rangi ya kijani-manjano inayobaki vidoleni mpaka jioni. Ndani ya uchafu ule ndimo fimbo zinamosafiri.

Mstari wa 3

Siku ya 17 tangu safari ya kwanza nilirudi nikiwa na jibu, na kwa kweli nilikuwa na furaha yake. Mama alinipokea kimya akanipeleka moja kwa moja kipande cha chini. Mstari wa 3 ulikuwa na miche 5 yenye visiwa kwenye majani ya juu. Mistari 4 mingine haikuwa na hata mmoja.

Kijana, aliyekuwa amekuja siku ya Jumamosi, ndiye aliyesema. Alisema kwa adabu, macho chini: "Agronomu, hizi njo zile ulitufundishia."

Nilikuwa nimetoa vichipukizi kwenye miche kama 7. Dakika chache kabla yake nilikuwa nimechuma jani la mgonjwa, nimelipapasa kwa kidole gumba kuhisi visiwa, nimepasua tunda kwa kucha. Kisha kwa kucha zilezile nikaenda kumfundisha kijana usafi wa kutoa vichipukizi bila kisu. Mdudu gani angefanya kazi safi kuliko hiyo? Jaribio la mnanaha nililifanya nyumbani kwa siku 4 na nimelieleza kwa majivuno. Jaribio lenye nguvu zaidi nililifanya bila kujua, shambani kwa mtu, na nyanya zake.

Nilimwambia ukweli. Nilidhani atakasirika. Alichosema ni: "Basi kumbe kijana wangu hakukosa peke yake." Tangu siku ile ya daftari alikuwa akimlaumu mtoto.

Lakini mikono iliupata wapi?

Hapo ndipo mistari 11 hadi 16 inapopata thamani. Mle hakuna mkono uliopita tangu siku ya kupanda. Wagonjwa wake 9 kati ya 240, waliotawanyika, hawafuatani, ndilo fungu la mbegu lenyewe. Mbegu iliweka moto hapa na pale. Kijana alipopita mistari 10, kila mche mgonjwa aliougusa, ugonjwa wake aliutandaza kwenye inayofuata, mpaka vidole vikajifuta, mpaka akafika kwa mgonjwa mwingine.

Namna mbegu ya nyanya inavyobeba virusi hivi inastahili kueleweka, kwa maana watu hudhani mbegu mbaya itatoa mche mbaya tangu kuota. Haiwi hivyo. Virusi hukaa juu ya ganda la mbegu na ndani ya ganda lenyewe, mara nyingine katika chakula kinachozunguka kiini, lakini kiini chenyewe, yaani mche unaosubiri, hakiguswi. Mche huota mzima. Ugonjwa huupata unapokwaruzwa na ganda lake wakati wa kuota, au zaidi sana siku ya kuhamishwa, mizizi inapokatika na vidole vinapobana shina laini. Ndiyo maana ni wachache wanaougua kutokana na mbegu, na ndiyo maana kitalu kinaweza kuonekana cha kupigiwa picha kisha shamba likaanza kukonda wiki 3 baadaye.

Nilichukua mbegu 100 kutoka kwenye chupa yake, nikazipanda kwenye sanduku la udongo uliochemshwa. Nusu ya miche niliihamisha kama wakulima wanavyohamisha, bila huruma. Nusu niliiacha ilipoota bila kuigusa. Baada ya mwezi waliohamishwa waliougua walikuwa 3, wasioguswa 0. Tatu kwa sifuri si hesabu ya kumtishia mtu, ningeipata pengine kwa bahati, lakini haikupingana na chochote nilichokuwa nimekiona mlimani.

Chupa yenyewe ilikuwa ya soda, nusu yake majivu. Misimu 2 iliyopita alipanda Roma ya dukani. Matunda ya kwanza na ya pili yalikwenda Kadutu bei ikiwa nzuri, kama ambavyo mtu yeyote mwenye ada ya shule mbele yake angefanya. Mbegu alizitoa kwenye matunda ya mwisho, yale ambayo hakuna mnunuzi angeyataka: alikamulia kwenye kitambaa, akaanika na utelezi wake, akatia majivu. Ukiniuliza kosa lilikuwa wapi, nitakuonyesha hapo, kwenye matunda ya mwisho. Mwisho wa msimu, baada ya miezi ya kufunga kamba na kuchuma, shamba lenye mgonjwa mmoja limekwisha kuwa na wagonjwa wengi, na mbegu za tunda lililougua hutoka zikiwa zimepakwa. Tunaiwekea kesho yale yaliyobaki leo. Utelezi uliokaukia kwenye ganda ulikuwa ni gundi iliyoshika virusi vyote.

Alinionyesha pia kopo la dukani akiuliza: si imeandikwa VF, si ina kinga? Ina kinga, lakini si hii. V ni Verticillium na F ni Fusarium, fangasi wawili wa udongo wanaonyausha nyanya. Herufi hizo hazisemi lolote juu ya virusi. Mbegu yenye kinga ya mozaiki huandikwa ToMV kwenye pakiti, na kinga hiyo hutoka kwenye jeni (vibeba urithi vya mmea) ziitwazo Tm, hasa Tm-2², iliyochukuliwa kwa nyanya pori ya Peru. Kipande cha chini hakikupona kwa kinga. Kilipona kwa sababu mbegu ilikuwa safi, mpaka nilipokuja mimi.

Na hata kinga hiyo siku hizi si ngome kamili. Mwaka 2014 huko Israeli, na 2015 huko Yordani, kilionekana kirusi kipya cha jamii hiihii, kinachokunjamanisha tunda na kulitia mabaka ya kahawia, na kikavunja Tm-2². Kimesafiri na biashara ya mbegu mpaka Ulaya, Mexico na China, na mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ukaweka masharti ya dharura juu yake. Mnanaha wangu haungeweza kumtenga ndugu huyu na yule wa zamani; wote huuacha na vidonda vilevile. Kwa mkulima wa Mudaka tofauti hiyo haibadilishi kazi ya Jumatatu asubuhi.

Kazi ya Jumatatu asubuhi

Dawa ya kuponya haipo. Nilimwomba kwanza aache kupulizia kwa ajili ya ugonjwa huu. Fedha ya likelemba, ule mchango wa zamu wa akina mama, ilikuwa imekwenda kwenye mabomba yale 6. Mildiu ikija kweli ataijua kwa utando wake.

Mistari 1 hadi 10 sikumshauri aing'oe, na najua wenzangu wengine wangeng'oa. Mmea ulioambukizwa ukiwa umekwisha kufunga maua bado unalisha, na kung'oa mimea zaidi ya 171 kungewagusa waliobaki wote. Tuliiacha ikiwa kijiji cha wagonjwa: isitolewe vichipukizi tena, na ichumwe mwisho wa siku, baada ya kazi nyingine zote. Mistari 11 hadi 16 tulitoa wale 9 pamoja na jirani wa kila upande, tukiwatia kwenye gunia palepale walipokuwa wamesimama, bila kuwaburuta. Mstari wa 3 wa chini, miche yangu 5, niling'oa mwenyewe.

Baada ya hapo ikawa suala la mikono. Sabuni na maji kabla ya kuingia, na kila baada ya mstari. Maziwa pia, kwa kuwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 200 kwa lita ya maji, yakichovywa mikononi huvizuia virusi vya jamii hii visiingie kwenye kidonda. Ni njia ya zamani na inafanya kazi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kabare ni nchi ya ng'ombe, maziwa hutolewa kwa mgeni, na mtu atayamwagia vidole? Tukakubaliana maziwa yatumike kipande cha chini tu, siku ya vichipukizi tu. Tena nilimwomba wasitoke kwenye viazi vya jirani na kuingia moja kwa moja kwenye nyanya. Virusi X vya viazi navyo husafiri kwa mikono, na vikikutana na mozaiki ndani ya mche mmoja, michirizi myeusi hupasua shina na matunda. Hapo kukonda kutakuwa ni jambo la kutamaniwa.

Miti ya kuegemezea iliingia jikoni ikawa kuni. Kamba za mgomba, ambazo hutumiwa msimu hadi msimu, zilichomwa. Kipande cha juu kimepewa mahindi na maharage kwa miaka 2, maana mozaiki hubaki kwenye mabaki ya mizizi ardhini kwa muda karibu na huo, na mnavu unaoota wenyewe kando ya shamba ung'olewe, kwa kuwa nao hukihifadhi kirusi hiki. Bilinganya na pilipili zisipandwe pale pia.

Chupa ya majivu hakukubali kuitupa, nami sikumlazimisha sana. Mbegu zilizobaki tulizisugua kuondoa utelezi mkavu, tukaziloweka kwenye javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, iliyopunguzwa kufikia asilimia 2.5 kwa dakika 15, tukasuuza mara nyingi, tukaanika kivulini. Javeli za madukani hazina nguvu moja, kwa hiyo soma kibandiko kabla ya kupima. Trisodiamu fosfati, kemikali ya kusafishia, ya asilimia 10 ingefaa pia, ikipatikana. Kuchachusha juisi ya mbegu siku 2 au 3, kama wengi wanavyofundishwa, husafisha utelezi na bakteria baadhi, lakini peke yake hakutoshi kwa ugonjwa huu. Na matunda ya mbegu, kuanzia sasa, yatoke kwenye uchumaji wa kwanza, kwenye mche uliopewa alama ya kitambaa na kutazamwa tangu ukiwa mdogo, hata kama beseni hilo lingelipa vizuri Kadutu.

Zawadi

Jambo lililotuchukua muda kuliko yote halikuwa la shamba. Kutoka kwenye chupa ile alikuwa amewagawia jirani 4, kijiko kimoja kimoja, mmoja wao siku ya arusi. Mbegu hapa haziuzwi kati ya jirani. Hutolewa, na siku moja hurudi kwa namna nyingine. Nilipomwambia wajulishwe alinyamaza muda mrefu, akapanga na kupangua maganda ya maharage mapajani mwake.

"Utamwambia mtu namna gani, Agronomu? Kwamba zawadi yako ilikuwa na ugonjwa?"

Nilijitolea kwenda mimi. Akakataa, alisema mimi nikienda itakuwa ni kesi. Alikwenda mwenyewe, kila nyumba na kikombe cha maharage ya mbegu, akaomba abadilishiwe. Watatu walikuwa hawajapanda bado, wakisubiri kiangazi walime bondeni. Walibadilisha, mmoja akicheka kwamba amefanya biashara nzuri. Wa nne alikuwa amekwisha kuhamisha miche, na anasema nyanya zake ni nzima.

Kipande cha chini kilimaliza msimu na wagonjwa 2 zaidi, wote kwenye mstari wa 3. Cha juu kilitoa mabeseni ya bei ya chini, yaliyouzwa palepale Mudaka kwa wapika samaki, ambao hawapasui tunda kabla ya kununua.

Jumamosi hii nakwenda kwa yule jirani wa nne na daftari langu la mraba. Mama amenitumia ujumbe kupitia kijana: nije mapema, nihesabu, nisiguse.